Telekonvata nyuma ya lenzi ya makro: mwongozo kamili wa kupiga picha za maji moto na wadudu wengine wadogo

Maji moto, yule chungu mwekundu anayeshona majani ya miembe na mikorosho kote pwani, ana urefu wa milimita 8 hivi. Kihisi cha kamera ya fremu kamili kina upana wa milimita 36, kwa hiyo lenzi ya makro inapofika kwenye kikomo chake cha kawaida cha 1:1, yaani pale ambapo taswira juu ya kihisi inalingana kwa ukubwa na mdudu mwenyewe, chungu huyo hujaza chini ya robo ya upana wa picha. Macho yake, ambayo ndiyo mtazamaji huyatafuta kwanza, hubaki kama vitone viwili. Anayetaka kuona meno yake yalivyoshika ukingo wa jani anahitaji kukuza zaidi, na njia mojawapo ya kufanya hivyo bila kununua lenzi mpya ni kuweka telekonvata kati ya lenzi na kamera.

Telekonvata ni kipande kifupi chenye vioo ndani yake, na kazi yake ni kuikuza taswira ambayo lenzi imekwisha kuitengeneza. Ya 1.4x huigeuza 1:1 kuwa 1.4:1, na ya 2x huifikisha 2:1. Kwenye fremu kamili, eneo linaloonekana hupungua kutoka milimita 36 kwa 24 hadi takribani 26 kwa 17 kwa ile ya kwanza, na hadi 18 kwa 12 kwa ile ya pili. Kwa 2:1 maji moto wetu anakaribia nusu ya upana wa picha, na hata buibui mrukaji mdogo kama Evarcha culicivora wa kandokando ya Ziwa Viktoria, mwenye urefu wa milimita 5 hivi na anayejulikana kwa kupenda mbu walioshiba damu, huanza kuonekana kama kiumbe mwenye uso.

Faida kubwa ya telekonvata, na kwa maoni yangu ndiyo sababu pekee ya kuichagua badala ya mirija ya kurefusha (mirija isiyo na kioo ndani, inayowekwa kati ya lenzi na kamera), ni kwamba umbali kati ya mdomo wa lenzi na mdudu haubadiliki. Lenzi ya milimita 100 inayokuacha sentimita 13 hivi mbele ya mdudu kwa 1:1 itakuacha sentimita zilezile kwa 2:1. Ukitaka kufika 2:1 kwa mirija mitupu, hesabu ya kawaida inadai mirija yenye jumla ya milimita 100 nyuma ya lenzi hiyo, na kadiri unavyoiongeza ndivyo lenzi inavyomsogelea mdudu, hadi kivuli chake kinamfunika na yeye mwenyewe anaondoka, au, akiwa maji moto, anapanda juu ya lenzi.

Umbali huo hautolewi bure. Telekonvata ya 1.4x hula stopu 1 ya mwanga, yaani nusu yake, ya 2x hula stopu 2, yaani robo tatu, na hasara hiyo huja juu ya mwanga ambao makro yenyewe imekwisha kuupoteza. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu namna ya kulilipa deni hilo kwa flashi, na namna ya kujizuia kuliongeza kwa kufunga kitundu cha lenzi kupita kiasi.

Kwanza, hakikisha kwamba vinaingiliana

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Telekonvata nyingi za watengenezaji wakubwa zina kioo cha mbele kinachochomoza na kuingia ndani ya kitako cha lenzi, kwa sababu zilibuniwa kwa ajili ya lenzi ndefu za michezo na wanyamapori ambazo zina nafasi tupu nyuma. Lenzi nyingi za makro hazina nafasi hiyo. Canon EF 180mm f/3.5L Macro inazikubali telekonvata za Canon, lakini EF 100mm f/2.8L Macro, ambayo ndiyo watu wengi wanayo, haizikubali, wala RF 100mm f/2.8L haizikubali zile za RF. Nikkor Z MC 105mm haikubali telekonvata za Z, na Sony FE 90mm f/2.8 Macro nayo haikubali. Sigma 105mm f/2.8 DG DN Macro inakubali telekonvata za Sigma ikiwa ni toleo la maunti (mdomo wa kufungia lenzi kwenye kamera) ya L tu. Ileile ya maunti ya Sony haifai. Upande wa pili, OM System 90mm f/3.5 Macro iliyotoka mwaka 2023, ambayo peke yake hufika 2:1, inakubali MC-14 na MC-20, telekonvata za 1.4x na 2x za kampuni hiyo, na kwa hiyo hufika 4:1. Sony nayo ilitoa FE 100mm f/2.8 Macro GM mwaka 2025, inayofika 1.4:1 yenyewe na 2.8:1 ikiwa na telekonvata ya 2x.

Kwa lenzi zilizokataliwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni telekonvata za kampuni nyingine, kama vile Kenko Teleplus, ambazo kioo chao cha mbele hakichomozi na hivyo huingia kwenye lenzi nyingi. Ya pili ni kuweka mrija mfupi wa kurefusha, kwa mfano wa milimita 12, kati ya lenzi na telekonvata inayochomoza, ili kioo kipate mahali pa kukaa. Mrija huo utakuzuia kufokasi mbali, lakini anayepiga picha za chungu hana haja na milima ya upeo wa macho.

Usimwamini muuzaji kwa maneno. Niliwahi kununua telekonvata iliyotumika kutoka kwa mtu aliyenihakikishia kwamba inaingia lenzi zote, nikaizungusha nyumbani kwa haraka, nikasikia mkwaruzo mwembamba kama wa kucha juu ya sahani. Alama ile bado ipo kwenye kioo cha nyuma cha lenzi yangu. Tangu siku hiyo huishika lenzi wima, kitako kikiwa juu, nikazungusha pete ya fokasi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku nikiangalia kama kioo cha nyuma kinasogea, kisha hupima kwa kijiti cha plastiki kina kilichopo kabla ya kuvigusanisha vioo. Katika baadhi ya lenzi kioo hicho husafiri, na kinachopita salama fokasi ikiwa mbali kinaweza kugonga ikiwa karibu.

Kuunganisha na kuthibitisha ukuzaji

Zima kamera. Funga telekonvata kwenye lenzi kwanza, kisha vyote viwili kwenye kamera, mdomo wa kamera ukiwa umeelekea chini ili vumbi lisitue ndani. Ikiwa unatumia pia mrija wa kurefusha, mpangilio una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua lenzi ya milimita 100 iliyo kwenye 1:1, mrija wa milimita 25 na telekonvata ya 2x. Mrija ukikaa kati ya lenzi na telekonvata, ukuzaji huwa 1.25 mara 2, yaani 2.5:1. Mrija ukikaa kati ya telekonvata na kamera, unapata takribani 2.1:1 tu. Kwa hiyo mrija hukaa mbele na telekonvata nyuma, isipokuwa pale maunti isiporuhusu. Hesabu hizi hupungua kidogo au kuongezeka kwenye lenzi za kisasa, kwa kuwa urefu wao wa kifokasi hubadilika zinapofokasi karibu, na ndiyo maana ni vizuri kupima mwenyewe.

Kipimo chenyewe ni rula ya shule. Zungusha fokasi hadi karibu kabisa, sogeza kamera mbele na nyuma mpaka mistari ya milimita ionekane wazi, piga, kisha hesabu milimita zilizopo kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Gawanya upana wa kihisi chako kwa idadi hiyo. Ukiona milimita 18 kwenye fremu kamili, uko 2:1. Kwenye kamera ya APS-C, yenye kihisi kidogo zaidi cha upana wa milimita 23.5, ukuzaji uleule utakuonyesha chini kidogo ya milimita 12.

Rula ikiwa bado mezani, iegemeze kwa nyuzi 45 na upige tena kwa f kadhaa. Picha hizo zitakufundisha mengi kuhusu sehemu inayofuata.

Namba ya f: mahali pa kuwa mwangalifu kuliko pote

Namba ya f hupima kitundu cha lenzi: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo kitundu kinavyokuwa kidogo. Lenzi ya makro iliyofunguliwa f/2.8 haipitishi mwanga wa f/2.8 inapokuwa kwenye 1:1. Kwa kawaida mwanga unaofika kwenye kihisi ni sawa na wa f/5.6, kwa sababu taswira imetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Ongeza telekonvata ya 1.4x inakuwa f/8; ongeza ya 2x inakuwa f/11. Hapo kitundu bado kiko wazi kabisa, na bado hujapata kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana kwa ukali, cha kutosha hata kwa kichwa kimoja cha chungu.

Mpiga picha aliyezoea makro ya kawaida atataka kufunga hadi f/16, kama alivyozoea. Akifanya hivyo kwa telekonvata ya 2x huku kitundu chenyewe kikiwa kweli kwenye f/16, mwanga utakaofika ni wa f/64, na picha nzima italegea kana kwamba imepigwa kupitia kioo chenye mvuke. Sababu ni difraksheni: mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika kingoni, na nukta hugeuka duara. Kwa f/22 halisi, yaani f inayolingana na mwanga unaofika kwenye kihisi wala si ile ya kitundu, duara la mwanga wa kijani hufikia mikroni 30 hivi kwenye kihisi, ambayo ni karibu sawa na milimita 0.03 zilizozoeleka kuhesabiwa kama kikomo cha ukali kwenye fremu kamili. Kwa hiyo mimi huichukua f/22 halisi kuwa mahali pa kufanyia kazi, na f/32 kuwa mahali pa kuvumilia tu picha inapokuwa ya kutazamwa kwenye simu.

Kwa lenzi iliyo kwenye 1:1, f/22 halisi hupatikana kitundu kikiwa f/8 pamoja na telekonvata ya 1.4x, au f/5.6 pamoja na ya 2x. Sasa tazama kile ambacho kamera inaonyesha. Telekonvata inayozungumza na kamera huifanya ionyeshe f iliyokwisha kuzidishwa: 8 mara 1.4 ni 11, na 5.6 mara 2 ni 11 pia. Kwa hiyo kamera ikiitambua telekonvata, weka f/11 kwa zote mbili na umemaliza. Kwenye APS-C, ambako picha itakuzwa zaidi baadaye, weka f/8. Telekonvata nyingine, hasa baadhi ya zile za kampuni za pembeni, haziitaarifu kamera chochote, na hapo utaweka f/8 au f/5.6 yenyewe. Kuna na tofauti nyingine inayowachanganya watu wanaobadilishana mipangilio: kamera za Nikon huonyesha pia upungufu unaotokana na kufokasi karibu, ndiyo maana lenzi yao ya makro, Micro, ya f/2.8 huandika namba kubwa kuliko 2.8 inapomkaribia mdudu, ilhali za Canon hazionyeshi upungufu huo. Ukinakili mipangilio ya rafiki mwenye kamera tofauti, nakili ukijua hilo.

Kina cha fokasi utakachopata ni kidogo. Kwa f/22 halisi kwenye fremu kamili ni takribani milimita 0.67 kwa 1.4:1, na 0.33 kwa 2:1. Unene wa kadi ya benki ni milimita 0.76. Utakachokiokoa basi ni jicho na labda shina la pembe, na sehemu nyingine zote za mdudu zitayeyuka. Usijaribu kupambana na ukweli huo kwa kufunga kitundu. Pambana nao kwa kuchagua upande wa kupigia, ili kichwa, kifua na tumbo viwe sambamba na kihisi.

Mwanga

Kivulini chini ya mwembe wenye majani mengi, mchana, f/22 halisi na ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya 1600 hukupa kasi ya shata ya 1/60 hivi. Kwa 2:1 kila mtetemo wa mkono na kila hatua ya chungu huongezwa mara mbili zaidi ya ulivyozoea, hivyo hata 1/250 inaweza isitoshe. Kizuia mtikisiko cha lenzi husaidia kutuliza kinachoonekana kwenye kioo cha kutazamia, lakini kwa ukuzaji huu hakitakuokoa. Hivyo flashi si pambo. Kwa wadudu wanaotembea ndiyo nusu ya kifaa.

Weka kamera kwenye mpangilio wa mkono, shata 1/200, ISO 200 hadi 400, na flashi nayo kwa mkono kwenye 1/8 au 1/16 ya nguvu zake. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho mwako wa flashi ni mfupi mno kuliko 1/1000 ya sekunde, na huo ndio unaomgandisha mdudu, wala si shata. Angalia kivuli: telekonvata imeisogeza lenzi mbele kwa sentimita 2 hadi 5, na flashi iliyo juu ya kamera ambayo jana ilimulika vizuri leo inaweza kuangusha kivuli cha mdomo wa lenzi juu ya mdudu. Itoe mbele kwa mkono wa chuma na waya wake, au tengeneza kikinga cha karatasi nyeupe au plastiki ya maziwa kinachofika hadi juu ya mdomo wa lenzi. Kadiri karatasi hiyo inavyokuwa kubwa na karibu na mdudu, sentimita 10 hadi 15, ndivyo mwanga unavyokuwa laini. Maji moto wana gamba linalong'aa, na mwanga mkali usiotawanywa huacha doa jeupe katikati ya kichwa ambalo hakuna programu itakayoliondoa vizuri.

Kwa mipangilio hiyo mandhari ya nyuma yatakuwa meusi kama usiku. Usipopenda, tafuta jani lililo sentimita chache nyuma ya mdudu, au mwombe mtu akushikie moja.

Kufokasi kwa mwili

Sahau fokasi ya kujiendesha. Kamera nyingi za zamani zenye kioo cha kurudisha huacha kufokasi mwanga unapopungua kupita f/5.6 au f/8, na zile mpya zisizo na kioo hicho hujaribu, lakini kwa kina cha theluthi moja ya milimita huhangaika mbele na nyuma mpaka mdudu aondoke. Zima, zungusha pete hadi kwenye ukuzaji unaoutaka, kisha usiiguse tena.

Kinachobaki ni kusogea. Kwa mkono wa kushoto shika kijiti alichosimama mdudu, kisha laza lenzi juu ya kiganja au kidole gumba cha mkono huohuo. Sasa kamera na mdudu wanatikisika pamoja, na tatizo kubwa la upepo limekwisha nusu. Egemea mbele polepole, ukitazama ukali ukipita juu ya pembe, kisha taya, kisha jicho, na ubonyeze kabla tu ya jicho kung'aa, kwa sababu kidole chako huchelewa. Piga nyingi. Katika picha 30 nikipata 4 nzuri huiita asubuhi njema.

Tripodi hufaa kwa vitu visivyotembea, kama maua, kuvu na sarafu, na kwa maji moto hufaa mara moja tu: pale wanapovuta majani. Kabla ya kushona kwa hariri ya mabuu wao, wafanyakazi hujipanga ukingoni, wakiuma jani moja kwa taya na kukaza miguu kwenye jingine, na hubaki hivyo kwa muda mrefu bila kuondoka. Huo ndio wakati wa kupiga mfululizo wa picha ukisogeza fokasi kidogo kidogo, hatua ya milimita 0.2 hivi kwa 2:1, ili baadaye uziunganishe kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker. Kichwa chenye unene wa milimita 2 kitahitaji picha kama 10. Nenda asubuhi mapema, kabla upepo wa baharini haujaanza, maana baada ya hapo jani lenyewe halikai.

Je, inastahili gharama?

Jibu langu ni kwamba inategemea kihisi na matumizi. Kamera ya megapikseli 45 ikikatwa nusu kwa urefu na nusu kwa upana hubakiwa na megapikseli 11, ambazo zinatosha kwa skrini nyingi na kwa chapa ya ukubwa wa A4. Mwenye kamera hiyo anayechapisha mtandaoni tu anaweza kukata picha na kununua kikinga kizuri cha flashi kwa fedha zilizobaki. Mwenye megapikseli 24 atabakiwa na 6, na kwake telekonvata huonyesha tofauti mara moja. Ukinunua, anza na 1.4x. Hupunguza ukali kidogo sana, ilhali ya 2x hukuza pia kila kasoro ya lenzi iliyo mbele yake, hasa mistari ya zambarau na kijani kingoni mwa vitu vinavyong'aa, na ulinganuzi wa picha, yaani tofauti kati ya sehemu nyeupe na nyeusi, hushuka. Mistari hiyo huondolewa kwa urahisi kwenye kompyuta, na ulinganuzi hurudishwa, lakini ongeza ukali kwa kiasi, kwa kuwa difraksheni haitibiwi kwa kuzidisha.

Ukimaliza, kabla ya kufungua chochote, kagua mkanda wa kamera, kikinga na mikono ya shati. Maji moto hawana mwiba, lakini huuma na kumwagia tindikali kwenye jeraha, na aliyejificha chini ya pete ya lenzi atasubiri hadi ukiwa ndani ya daladala. Wapulize, usiwasage juu ya kioo. Futa mdomo wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ikiwa wameumwagia, kisha rudi ndani, funga dirisha, na hapo ndipo utenganishe telekonvata na lenzi, ukifunika kila mdomo unaofunguka kabla ya kugusa unaofuata.